Majina ya Mahali ya Kigaeli: Tahajia Ipi Iandikwe, Maana Ipi Ikubaliwe

Mkanganyiko kuhusu majina ya mahali ya Kigaeli umeongezeka kwa sababu majina hayo, ambayo kwa vizazi kadhaa yalionekana katika ramani kwa sura ya Kiingereza pekee, sasa yanaandikwa pia kwa Kigaeli katika vibao vya barabarani, stesheni za reli, nyaraka za serikali na ramani za wapanda milima. Wapo wanaouliza kwa nini jina moja lina tahajia, yaani namna ya kuandikwa kwa herufi, mbili au tatu. Wapo wanaouliza kwa nini kitabu kimoja kinaeleza jina fulani kuwa ni bandari ya mfalme ilhali kingine kinaliita bandari ya mteremko. Na wapo wanaotilia shaka matumizi ya fedha za umma kwa lugha ambayo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, ilizungumzwa nchini Uskoti na watu wapatao 57,000 tu. Maswali hayo huulizwa kwa pamoja, na ndiyo maana majibu yake hugongana, kwani ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana: jina hutamkwaje, liandikweje, na lina maana gani. Uchambuzi huu unayatenganisha mambo hayo, unaeleza misimamo inayoshindana, kisha unapima ni utaratibu upi wa kuyahifadhi majina hayo unaofaa zaidi.

Lugha tatu na matabaka ya majina

Jina Kigaeli hujumuisha lugha tatu zenye asili moja, ambazo ni Kigaeli cha Ayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi, lugha ya Kisiwa cha Man ambayo mzungumzaji wake wa mwisho aliyelelewa nayo, Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Lugha hizo zilienea katika nchi ambazo tayari zilikuwa na majina, na baadaye zikapokea majina mengine kutoka kwa wageni, kwa hiyo jina linaloitwa la Kigaeli leo huenda lina vipande vya lugha mbili au hata tatu.

Mfano ulio wazi ni mji wa Pitlochry nchini Uskoti. Kiambishi cha mwanzo, Pit-, kinatokana na neno la Wapikti, watu waliokaa kaskazini na mashariki mwa Uskoti kabla ya Kigaeli kutawala huko, na maana yake ni kipande cha ardhi; lakini wazungumzaji wa Kigaeli waliuita mji huo Baile Chloichridh, wakiwa wameweka neno lao la makazi, baile, mahali pa lile la Kipikti. Katika visiwa vya magharibi, Waskandinavia waliofika kwa meli kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 waliacha majina mengi ambayo Kigaeli kiliyapokea na kuyaandika kwa kanuni zake, na ndivyo Stornoway, mji mkuu wa kisiwa cha Lewis, ulivyopata sura ya Steòrnabhagh, iliyo Kigaeli kwa matamshi na kwa herufi ingawa maneno yaliyomo ni ya Waskandinavia. Nchini Ayalandi, jina Leixlip linatokana na maneno ya Waskandinavia yenye maana ya mruko wa samaki aina ya samoni, na Kigaeli kikatafsiri maana hiyo kuwa Léim an Bhradáin. Majina hayo matatu yamepitia njia tatu tofauti, yaani kubadilishwa sehemu, kupokewa kwa matamshi, na kutafsiriwa, na yeyote anayeyashughulikia kwa kanuni moja atakosea katika mawili kati yake.

Jinsi majina yalivyoingia katika ramani

Sehemu kubwa ya tahajia zinazobishaniwa leo ilitoka katika upimaji wa ramani wa karne ya 19. Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilianzisha upimaji wa Ayalandi nzima kwa kipimo cha inchi 6 kwa maili 1, kazi iliyokamilika mwaka 1846, na lengo lake la kwanza lilikuwa kupata msingi sawa wa kutoza kodi ya ardhi. Wapimaji walitakiwa kuamua jinsi ya kuandika majina ya vitongoji vya ardhi zaidi ya 60,000, na mwaka 1830 waliajiri mtaalamu wa Kigaeli, John O'Donovan, ambaye alikwenda wilaya kwa wilaya akisikiliza matamshi ya wenyeji, akilinganisha tahajia zilizomo katika hati za zamani, akiandika sura ya Kigaeli aliyoiona kuwa ya asili, kisha akipendekeza sura ya Kiingereza iliyoikaribia. Ramani zilichapishwa kwa sura ya Kiingereza, lakini daftari za O'Donovan zilihifadhiwa, na zimebaki kuwa ushahidi usio na mbadala.

Nchini Uskoti, idara ileile ya upimaji, Ordnance Survey, ilitumia daftari za majina ambamo kila jina liliandikwa pamoja na tahajia mbalimbali zilizopatikana, watu waliothibitisha tahajia hizo na maelezo mafupi ya mahali penyewe. Utaratibu huo ulikuwa mzuri kwa mpangilio wake, ila ulikuwa na kasoro katika uchaguzi wa mashahidi, kwa kuwa uzito ulipewa mwenye shamba kubwa, mchungaji wa kanisa au mwalimu wa shule, huku mchungaji wa kondoo na mvuvi, waliozungumza Kigaeli kila siku na kupajua mahali hapo kwa miguu yao, wakisikilizwa kwa nadra. Makosa yaliyotokea yalionekana mapema, kiasi kwamba katika miaka ya 1890 Royal Scottish Geographical Society iliunda kamati ya kusaidia kusahihisha majina ya Kigaeli katika ramani hizo.

Sababu za tahajia kutofautiana

Sababu ya kwanza ni mwachano kati ya mifumo miwili ya uandishi. Kigaeli cha Uskoti hutumia herufi 18 tu, na huunganisha konsonanti na herufi h kuonyesha sauti nyingine, hivi kwamba bh na mh mara nyingi hutamkwa kama v, ilhali mwandishi wa Kiingereza aliyesikia sauti hiyo aliandika v, w, au hakuandika chochote.

Sababu ya pili ni sarufi. Katika Kigaeli, konsonanti ya mwanzo wa neno hubadilika kufuatana na jinsia ya nomino na uhusiano wake na maneno mengine, badiliko ambalo wanaisimu huliita ulainishaji. Neno beinn, yaani mlima, ni la jinsia ya kike, kwa hiyo mlima mkubwa huitwa A' Bheinn Mhòr, ingawa kivumishi chenyewe kikiwa peke yake ni mòr. Ramani ikiandika Ben More, mabadiliko yote mawili hupotea pamoja na kibainishi cha mwanzo, na msomaji hawezi tena kujua kwamba jina hilo lilikuwa kirai kamili cha lugha yenye kanuni zake.

Sababu ya tatu ni kwamba tahajia ya Kigaeli chenyewe haikusimama. Ayalandi ilirahisisha tahajia katika miaka ya 1940 na kutangaza kiwango rasmi cha lugha mwaka 1958; Uskoti ilipata kanuni zake za tahajia mwaka 1981, zikalenga kwanza mitihani ya shule na kurekebishwa baadaye. Kimanksi kilikuwa kimekwenda njia nyingine zamani, kwa kuandikwa kwa kufuata desturi za Kiingereza, hivyo neno la mlima ambalo Ayalandi huliandika sliabh, huko huandikwa slieau. Jina lililoandikwa kwa usahihi na msomi wa mwaka 1900 huweza kuonekana kosa kwa mwanafunzi wa leo, bila yeyote kati yao kuwa amekosea.

Msimamo wa kwanza: kudumisha sura za ramani

Wanaotetea sura za ramani husema kwamba zimeingia katika hati za umiliki wa ardhi, anwani, sheria na mazoea ya watu wengi, na kwamba kuzibadilisha huleta gharama na hatari, hasa pale ambapo waokoaji wanapaswa kumtafuta mtu milimani kwa jina alilolitaja kwa simu. Hoja hiyo ina nguvu, na ina nyongeza ambayo hata wapenzi wa Kigaeli hawapaswi kuipuuza: sura ya Kiingereza wakati mwingine huhifadhi kitu kilichopotea katika Kigaeli, kama Pitlochry inavyohifadhi neno la Wapikti ambalo Baile Chloichridh limelifuta.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unageuza usikivu mbaya wa mgeni kuwa sheria. Bustani kubwa ya Dublin iitwayo Phoenix Park haina uhusiano wa asili na ndege wa hadithi za Kigiriki, kwa kuwa jina lake linafafanuliwa kutokana na fionnuisce, yaani maji maangavu. Milima ya Cairngorm imepewa jina la kilele kimoja, An Càrn Gorm, ilhali safu nzima iliitwa Am Monadh Ruadh, yaani milima yenye wekundu wa kahawia, kwa kuitofautisha na Am Monadh Liath, milima ya kijivu, iliyo upande wa pili wa bonde la mto Spey. Ramani ilipofuta jina la safu moja, ilifuta pia ulinganisho ambao wenyeji waliutumia kuyapanga mazingira yao.

Msimamo wa pili: kurejesha tahajia sanifu ya Kigaeli

Msimamo wa pili unataka majina yaandikwe kwa Kigaeli sanifu cha leo, na umepata msaada wa taasisi na sheria. Ayalandi iliunda tume ya majina ya mahali, An Coimisiún Logainmneacha, mwaka 1946, na matokeo ya kazi ya miongo mingi sasa yanapatikana katika hazina ya kielektroniki ya Logainm. Uskoti, iliyopitisha sheria ya lugha ya Kigaeli mwaka 2005, ina Ainmean-Àite na h-Alba, taasisi inayochunguza tahajia za zamani na kuwauliza wazungumzaji kabla ya kupendekeza sura moja kwa matumizi ya umma. Faida ya tahajia sanifu ni kwamba mwanafunzi wa Kigaeli huweza kulisoma jina, kulitamka na kulielewa, na kibao cha barabarani huwa sehemu ya maisha ya lugha hiyo.

Hata hivyo, kurejesha tahajia ni kutoa uamuzi, na wakati mwingine uamuzi huo hutangulia ushahidi. Majina mengi ya Ayalandi huanza na Kil- kwa Kiingereza, na nyuma ya silabi hiyo huenda pana cill, kanisa, au coill, msitu. Kildare ni Cill Dara, kanisa la mti wa mwaloni, na halina utata. Lakini Kilmore, jina linalojirudia katika wilaya nyingi, huweza kuwa An Chill Mhór, kanisa kubwa, au An Choill Mhór, msitu mkubwa, na mwandishi wa kibao hawezi kuandika herufi ya tatu ya neno bila kuchagua kati ya historia mbili. Zaidi ya hayo, usanifishaji huelekea kufuta tofauti za lahaja. Kambi ya malishoni ya kiangazi, kwa mfano, huitwa àirigh hasa katika maeneo ya magharibi na visiwani, na ruighe katika sehemu za mashariki, na mpaka kati ya maneno hayo mawili ni taarifa ya kihistoria ambayo haipaswi kupotea kwa ajili ya ulinganifu wa ramani.

Msimamo wa tatu: kufuata kinywa cha mwenyeji

Msimamo wa tatu unashikilia kwamba jina halisi ni lile linalotamkwa na watu wa mahali penyewe, na kwamba tahajia yoyote ni kivuli chake tu. Nguvu yake imeonekana katika kazi kama *The Place Names of Upper Deeside* ya Adam Watson na Elizabeth Allan, iliyochapishwa mwaka 1984, ambayo ilikusanya matamshi ya wenyeji wa bonde la juu la mto Dee katika kipindi ambacho Kigaeli cha eneo hilo kilikuwa kinatoweka kabisa. Bila kazi ya namna hiyo, mtafiti wa baadaye angebaki na herufi za ramani pekee.

Udhaifu wake uko pande mbili. Kwanza, matamshi yakiandikwa kwa herufi za kubuni, kila mkusanyaji hutumia herufi zake, na matokeo hayasomeki kwa wengine. Pili, maeneo mengi ya mashariki na kusini mwa Uskoti, na sehemu kubwa ya Ayalandi, hayana tena wazungumzaji waliolipokea jina kwa Kigaeli kutoka kwa wazazi wao, kwa hiyo msimamo huu, ukitumiwa peke yake, unayaacha majina mengi bila jibu.

Tatizo la maana

Maana ya jina huthibitishwa kwa njia nne zinazokaguana: tahajia za zamani zilizo na tarehe, matamshi ya wenyeji, sura ya mahali penyewe, na ulinganisho na majina mengine yenye muundo uleule. William J. Watson aliweka msingi wa kazi hiyo nchini Uskoti kwa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1926 kuhusu majina ya Kikelti, na utafiti wa baadaye, kama juzuu tano za Simon Taylor na Gilbert Márkus kuhusu majina ya Fife, umeonyesha uvumilivu unaohitajika ili wilaya moja tu ikamilike.

Kinyume cha njia hiyo ni tafsiri ya kimapokeo, yaani maelezo ambayo watu huyatunga baada ya maana ya asili kusahauliwa. Portree, mji mkuu wa kisiwa cha Skye, huelezwa na wengi kuwa bandari ya mfalme, kwa kumbukumbu ya ziara ya Mfalme James wa Tano mwaka 1540, na tahajia ya Port Rìgh inaiunga mkono maana hiyo. Lakini baadhi ya wachunguzi, kwa kusikiliza matamshi ya wenyeji, wameona humo neno la mteremko. Loch Maree hudhaniwa kuwa ziwa la Maria, ilhali limepewa jina la Maol Ruibhe, mtawa aliyehubiri Ukristo kaskazini magharibi mwa Uskoti na kufariki mwaka 722. Desturi ya kutunga maelezo ya majina ni kongwe sana, kwani fasihi ya Ayalandi ya Zama za Kati ina mkusanyiko mzima, dinnseanchas, unaohusu visa vya asili ya majina. Visa hivyo vina thamani kubwa kama historia ya fikra na mapenzi ya watu kwa nchi yao, na kosa huanza pale vinapochapishwa kana kwamba ni matokeo ya uchunguzi wa lugha.

Hata pale neno linapojulikana kwa hakika, tafsiri fupi huweza kupotosha. Gorm huelezwa kuwa ni buluu na glas kuwa ni kijivu, lakini gorm hutumika pia kwa ubichi wa majani, na glas hupita katikati ya kijivu na kijani, kwa kuwa Kigaeli hakikuzigawa rangi kama Kiingereza kinavyozigawa. Orodha inayotoa neno moja kwa kila jina humpa msomaji wepesi, na kwa wepesi huo humnyima picha ya mlima wenyewe.

Swali la mamlaka

Usahihi wa kiisimu pekee hautoshi, kama kisa cha mji wa Dingle nchini Ayalandi kinavyoonyesha. Amri ya serikali ya Ayalandi ya mwaka 2004 iliondoa hadhi rasmi ya majina ya Kiingereza katika Gaeltacht, yaani maeneo yanayotambuliwa kuwa ya wazungumzaji wa Kigaeli, na mji huo wa wilaya ya Kerry ukawa An Daingean katika vibao na ramani za serikali. Wakazi wengi walipinga, wengine kwa kuhofia biashara ya utalii, wengine kwa sababu walipendelea sura ndefu ya Daingean Uí Chúis, na katika kura ya mwaka 2006 walikataa kwa wingi mkubwa. Sheria ya mwaka 2011 ndiyo iliyomaliza mvutano huo kwa kuukubali mji uitwe Dingle kwa Kiingereza na Daingean Uí Chúis kwa Kigaeli.

Nchini Uskoti mgogoro ulichukua sura nyingine huko Caithness, ambako wapinzani wa vibao vya lugha mbili walidai kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya eneo hilo. Majina yenyewe yanatoa jibu lenye uwiano zaidi, kwa kuwa yale ya kaskazini mashariki mwa wilaya hiyo mara nyingi ni ya Waskandinavia, na yale ya kusini na magharibi yana Kigaeli kingi. Kumbukumbu iliyotunzwa vizuri huzinyima pande zote mbili madai ya kupita kiasi.

Kuipima misimamo

Misimamo mitatu iliyoelezwa inashindana kwa sababu kila mmoja unadai nafasi moja, ile ya kibao au mstari mmoja wa ramani, ambapo jina moja tu, au mawili, yanaweza kuandikwa. Kumbukumbu ya kitaalamu haina ufinyu huo. Ndani yake, rekodi ya sauti ya mwenyeji, tahajia zote za zamani pamoja na tarehe na chanzo chake, sura sanifu inayopendekezwa, na maelezo ya maana, vinaweza kukaa katika sehemu zilizotenganishwa, na maana ikapewa daraja lake: imethibitishwa, inaelekea kuwa kweli, inabishaniwa, au ni ya mapokeo. Mtumiaji wa ramani huchukua sura sanifu, mwanahistoria huchukua hati, mwanafunzi wa lugha husikiliza sauti, na hakuna anayelazimika kumfuta mwenzake.

Utaratibu huo una gharama. Kuchunguza jina moja kwa ukamilifu huchukua muda mrefu kuliko kulitafsiri kwa kamusi, na umma unaotaka vibao haraka huchoka kusubiri. Katika kupanga kipaumbele, hata hivyo, jambo moja liko wazi: hati zilizomo katika maktaba zitaendelea kuwapo kwa watafiti wa kizazi kijacho, lakini matamshi ya wazee, hasa ya majina madogo ya mashamba, miamba, vijito na sehemu za kuvulia samaki ambayo hayajawahi kuingia katika ramani yoyote, hutoweka pamoja na wenyewe. Kwa hiyo fedha na watu vinapokuwa vichache, kurekodi sauti kunapaswa kutangulia kusanifisha tahajia, na kusanifisha tahajia kutangulie kutangaza maana.

Hitimisho

Tahajia za majina ya Kigaeli hutofautiana kwa sababu zinazoeleweka: matabaka ya lugha, sarufi inayobadilisha mwanzo wa maneno, mageuzi ya tahajia, na wapimaji waliosikiliza watu wachache mno. Sura za ramani zina haki ya kudumu kama ushahidi na kama mazoea, lakini hazina haki ya kuwa sura pekee. Tahajia sanifu inafaa kwa matumizi ya umma iwapo imetanguliwa na uchunguzi na ridhaa ya wakazi. Matamshi ya mwenyeji ndiyo msingi wa yote mawili, na ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Kuhusu maana, uaminifu unadai kwamba kiwango cha uhakika kiandikwe pamoja na kila maelezo, kwa sababu jina lililoachwa wazi leo linaweza kufafanuliwa kesho kwa ushahidi mpya, ilhali jina lililofungwa kwa maana ya kubuni huwapotosha wachunguzi kwa vizazi kadhaa. Taasisi za Uskoti na Ayalandi zimeshaanza kufuata njia hiyo, na zinastahili kupewa fedha, muda na wasikilizaji wa kutosha wa kuwafikia wazee waliobaki kabla ya jambo lingine lolote.